Gari la Zawadi la Chaudhry Inayat

Chapati ya kwanza ilikuwa haijageuzwa, na Khurshid Bibi alikuwa ameshaanza. Mama yule ana kipaji, tumpe haki yake: anaweza kukusema tangu chai inachemka mpaka vyombo vinaoshwa, na asirudie neno. Asubuhi hiyo ya Ijumaa alimwanzia mke wa mwanawe kwenye mshahara, mahali alipozoea.

"Binti Inayat, hebu nieleze mimi mjinga. Unatoka hapa alfajiri, unarudi magharibi unanuka rangi za kiwandani, na katika nyumba hii sijaona hata kilo ya sukari iliyotoka mfukoni mwako. Huo mshahara unakwenda wapi?"

Shagufta aliendelea kusukuma chapati.

"Nakuuliza wewe, au naongea na jiko?"

"Mshahara una mambo yake, mama."

"Una mambo yake! Mmesikia? Hayo mambo yake yana ndevu nyeupe na kilemba, yanakaa Samundri yanavuta kiko. Mwizi wewe! Unakula kwetu, unashibisha kwenu."

Tanvir, mume mtu, alikuwa amekaa pembeni ya mama yake, akitia chapati kwenye mtindi huku macho yako kwenye simu. Hakuinua kichwa. Sidra, dada yake Tanvir, aliyekuwa amebakiza wiki tatu aolewe, alicheka kidogo akajifuta mdomo.

Sasa ngoja niwaambie ukweli wa huo mshahara, maana hata mimi ninayesimulia unanichoma. Shagufta alikuwa mkuu wa maabara ya rangi katika kiwanda kimoja cha nguo hapo Faisalabad. Miaka miwili nyuma, posa ya Tanvir ilipokuja, upande wa bwana harusi haukuomba kitu. Watu hawa hawaombi. Wanasema tu, "Sisi hatutaki chochote, ila kijana ana duka mjini, mnajua watu wanavyotazama." Chaudhry Inayat, baba yake Shagufta, akaelewa kwamba wanatazamia gari. Uwezo wa gari hakuwa nao, alikuwa na ekari chache za miwa na jina kubwa. Basi akamchukua bintiye hadi benki, kwa sababu katika ukoo mzima yeye ndiye aliyekuwa na hati ya mshahara ya kuonyesha, akamwambia, "Weka sahihi tu, mwanangu. Kianzio nimelipa. Marejesho ya kila mwezi ni juu yangu, wewe hutaguswa hata rupia moja." Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, na gari lingebaki kwa jina la benki mpaka rejesho la mwisho.

Siku ya harusi ufunguo ulifungwa utepe mwekundu ukawekwa juu ya sinia, sinia likapitishwa meza kwa meza, na jamaa mmoja mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba Chaudhry Inayat wa Samundri amemzawadia mkwewe gari jipya, kanunua taslimu. Watu wakapiga makofi. Mzee akafuta machozi mbele ya kamera. Kisha akalipa marejesho mawili, akanyamaza. Tangu hapo benki ilikuwa inakata kwenye mshahara wa Shagufta, na riba ya nchi nzima ilivyopanda, rejesho nalo likapanda, kutoka elfu arobaini na tano hadi elfu sitini na tatu, na mshahara wenyewe elfu tisini. Gari lilikuwa linakwenda sokoni na Tanvir. Shagufta alikuwa anakwenda kiwandani kwa bajaji, amebanana na wenzake.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu baba yake alimshika kichwa kwa mikono miwili, akalia, akamwambia, "Nifichie aibu yangu." Mtoto wa kike wa Kipunjabi ukimlilia namna hiyo umemfunga mdomo kwa kufuli. Akaitwa mwizi kila asubuhi kwa muda wa miaka miwili, na gari lililomeza mshahara wake liko pale nje ya geti.

"Sasa nisikilizeni," Khurshid Bibi alisema, akasukuma sahani yake. "Wakwe wa Sidra walileta salamu jana. Wanasema hawataki chochote."

Wote mle jikoni wakaelewa. Sidra aliacha kucheka.

"Kununua jipya hatuwezi, bei zimepanda zimeingia wazimu. Nimeshakata shauri. Tutatoa hili la Tanvir."

"Hili lipi?" Shagufta aliuliza, na sauti ilimtoka kabla hajaiandaa.

"Tunayo mangapi? Hili hili. Mlango uliogongwa utapigwa rangi, ndani litasafishwa, litafungwa maua, nani atajua? Jumamosi ya wiki ijayo wanawake wanakuja kuona vitu vya bibi harusi. Nataka ufunguo uwe kwenye sinia, na kadi ya gari iwe imeshahamia kwa jina la mume wa Sidra. Kadi si iko kwa baba yako? Mwambie ailete."

"Mama, lile gari tulipewa mimi na mume wangu."

"Alipewa mwanangu! Wewe ulipewa mume, na hujashukuru mpaka leo. Jirani yetu Mumtaz mkwewe kaja na gari lenye dirisha la juu, sisi tumeletewa kopo jeupe, na nikanyamaza. Usinichokoze nikaongea."

Shagufta alimgeukia mumewe. "Tanvir, na wewe unaonaje?"

"Mama ameshasema," Tanvir alijibu, akamega chapati nyingine.

Jumatatu Shagufta aliomba ruhusa kazini akaenda benki. Aliyempokea ni kijana aitwaye Zohaib, mwenye tai iliyomlegea na adabu ya mtu aliyeshapokea matusi mengi kazini. Alifungua faili kwenye kompyuta, akalitazama, akamtazama mteja wake.

"Dada, unataka kuvunja mkataba kabla ya wakati. Sawa, haki yako. Ila nakwambia mapema, huku si dukani kwa nguo, kwamba rangi hujaipenda unarudisha. Kuna njia mbili na zote zina maumivu."

"Sema ya kwanza."

"Unalinunua lote sasa hivi. Deni lililobaki ni laki kumi na tatu. Faini ya kumaliza mapema, asilimia tano ya hizo. Gharama za kuhamisha jina, bima ya mwaka, na vikorokoro vingine. Weka laki kumi na nne na nusu. Ukilipa, tunakupa kadi, gari lako, unafanya utakalo."

Shagufta hakuwa na haja ya kuhesabu sana. Alikuwa na tola nane za dhahabu, zile alizovaa siku ya harusi, alizonunua mwenyewe kidogo kidogo tangu mshahara wake wa kwanza. Kwa bei ya mjini zingefika laki kumi na sita. Ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa chake, hakina jina la mume wala la baba.

"Nikiuza dhahabu yangu yote nikalipa, nitabaki na nini?"

"Na gari."

"Gari lenyewe linapewa mume wa wifi yangu."

"Hilo halimo kwenye mkataba, dada."

"Na njia ya pili?"

"Unaturudishia. Tunalipiga mnada. Bei itakayopatikana tunatoa deni, tunatoa faini, tunatoa gharama za mnada na za kulihifadhi. Kikibaki kitu ni chako. Kikipungua, unaongeza wewe."

"Na kianzio? Kilitolewa laki saba."

"Kimeliwa."

"Na marejesho yote niliyolipa?"

"Hayo ni kama ulikuwa unalikodi."

"Sijalipanda hata mara tano!"

Zohaib alikohoa. "Na hilo pia halimo." Kisha akashusha sauti, kijana wa watu, akamwambia kwamba magari ya mnada huuzwa kwa bei ya kutupa, kwamba lenye mlango uliogongwa litashuka zaidi, na kwamba asitegemee kupata chochote. "Kama una namna ya kuvumilia miaka mitatu iliyobaki, vumilia tu. Wengi wanavumilia."

Shagufta akasimama. Neno hilo alikuwa ameshalisikia kwa watu wengi mno, alikuwa hajategemea kulisikia benki.

Kutoka pale alipanda basi moja kwa moja hadi Samundri. Njia nzima alikuwa anajipigia hesabu ya kuwaridhisha wote: auze nusu ya dhahabu yake, na nusu nyingine ya fedha aitoe baba. Bado alikuwa anampenda yule mzee, ndiyo tabu yake. Alimkuta uani, amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba, kiko pembeni.

"Umekuja peke yako? Gari liko wapi?" Chaudhry Inayat aliuliza kwanza, akachungulia njiani. "Majirani watasemaje, binti yangu anashuka kwenye basi!"

"Baba, gari ndilo lililonileta." Akamwambia yote, ya Khurshid Bibi, ya Sidra, ya sinia, ya laki kumi na nne na nusu.

Mzee alikaa kitako. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi kwa hasira. "Lipa."

"Kwa fedha gani?"

"Kwa dhahabu yako! Dhahabu ya mwanamke ni ya siku gani kama si ya siku kama hii? Unataka mama mkwe wako asimame mbele ya watu aseme Inayat wa Samundri alitoa gari la mkopo? Mimi? Nilitangazwa kwa kipaza sauti!"

"Nitauza nusu, baba. Tola nne. Nusu nyingine toa zile bangili za marehemu mama. Ulisema umeniwekea, siku nikikwama nije. Nimekwama."

Chaudhry Inayat alichukua kiko, akakivuta, hakikutoa moshi. Akakiangalia kana kwamba kosa ni lake.

"Baba. Bangili za mama ziko wapi?"

"Kianzio ulidhani nilikitoa wapi?"

Shagufta alikaa pale pale ukingoni mwa kitanda. Mama yake alikufa akiwa na bangili zile mkononi, na yeye ndiye aliyezivua na kumpa baba amtunzie. Miaka yote miwili aliyokuwa analitazama lile gari kwa chuki, mama yake alikuwa mle ndani, kauzwa.

"Ulitaka niuze shamba?" mzee alifoka. "Shamba ni la kaka zako!"

"Kwa hiyo bangili zilikuwa za mama. Marejesho ni ya mshahara wangu. Sasa unataka na dhahabu yangu. Katika hilo gari lako la zawadi, baba, wewe ulitoa nini?"

"Nilitoa jina langu!"

"Hukutoa hata rupia."

"Na yale marejesho mawili je? Umeyasahau? Elfu tisini nzima nilitoa!"

Jamani, mzee mzima, ana ndevu hadi kifuani, anamdai bintiye elfu tisini mbele ya bangili za marehemu. Shagufta alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hata yeye mwenyewe hakukipenda. Akachukua mkoba wake.

"Ukinivua nguo mbele za watu," Chaudhry Inayat alimpigia kelele mgongoni, "usikanyage tena hapa! Unasikia? Nitasema sina mtoto wa kike!"

"Sema kwa kipaza sauti," alijibu, akafunga geti.

Kesho yake asubuhi alijaribu mara ya mwisho. Watu wanaosema Shagufta alikurupuka hawamjui. Alimfuata Tanvir nje, akamkuta anapangusa kioo cha gari kwa kitambaa, anapiga mluzi.

"Tanvir, nina neno juu ya hili gari."

"Karatasi malizana na baba yako."

"Si la baba, ni langu mimi. Nipe dakika tano tu."

"Shagufta, nachelewa duka. Wewe fanya kama unavyofanya siku zote, yataisha." Akaingia, akafunga mlango, akaondoka. Shagufta akabaki anatazama vumbi, kisha akasimamisha bajaji na badala ya kumwambia dereva kiwandani akamwambia benki.

Zohaib alimpa karatasi za kurudisha gari, Shagufta akazisoma zote, hata maandishi madogo ya nyuma, kama yale ambayo mara ya kwanza, mbele ya baba yake, hakuyasoma. Akaweka sahihi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwa mume wangu. Hatautoa."

"Tunao wa akiba, ni utaratibu. Watu wetu watakuja kulichukua. Niambie siku."

Angeweza kusema Jumatano, gari likiwa limeegeshwa nyuma ya soko la Jhang, penye duka la Tanvir, likachukuliwa kimya kimya. Lakini hapo Khurshid Bibi angepiga yowe la wizi, wangeitwa polisi, na yeye angejificha tena nyuma ya uongo mwingine. Alitaka lichukuliwe akiwepo, aulizwe, ajibu. Hiyo ndiyo sababu aliyompa Zohaib, na ni ya kweli. Lakini sitamsafisha: alijua vilevile kwamba Jumamosi ua litajaa wanawake.

"Jumamosi," alisema. "Saa tano."

Jumamosi ua la Khurshid Bibi halikuwa na pa kukanyaga. Vitu vya Sidra vilikuwa vimetandazwa kila upande, mablanketi, masufuria, vyombo vya kaure, cherehani, mashine ya kufulia, suti za kike ishirini na moja zimefunuliwa ili kila mtu aone udarizi wake, na friji la milango miwili katikati, limefungwa utepe. Wanawake walikuwa wanazunguka, sambusa mkononi, wanashika kitambaa hiki na kile, wanaulizana bei kwa macho. Sidra alikaa kwenye kiti cha mapambo katika nguo za manjano. Nje ya geti gari lilikuwa limeoshwa, mlango umepigwa rangi isiyolingana na mlango wa pili, na mashada ya maua yananing'inia mbele na nyuma.

"Na hilo gari?" Mumtaz yule jirani aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu. "Si la Tanvir hilo?"

"Tanvir tunamnunulia kubwa zaidi," Khurshid Bibi alimjibu bila kupepesa. Alikuwa ameshika sinia, ufunguo juu yake. "Hili ni la binti yangu. Sisi hatupeleki mtoto mikono mitupu, kama wengine."

Ndipo walipoingia watu watatu, wawili wenye makoti ya kazi na mmoja mwenye karatasi. Yule mwenye karatasi alisalimia, akasoma jina. "Tunamtafuta Bibi Shagufta Inayat. Tumetoka benki, tumekuja kuchukua gari."

"Gari la nani?" Khurshid Bibi aliruka. "Gari la mwanangu! Wezi wakubwa nyie, mnaingia uani kwa wanawake mchana kweupe? Tanvir! Tanvir, njoo upesi!"

"Nimewaita mimi, mama," Shagufta alisema.

Alikuwa amesimama karibu na friji.

"Lile gari ni la benki. Lilikuwa la benki tangu siku ya harusi. Ni la mkopo, na mkopo ni wangu, na nimeuvunja."

"Baba yako alilipa taslimu! Nilisikia kwa masikio yangu, walitangaza!"

"Walitangaza. Kulipa ni habari nyingine. Mama, kila siku unaniuliza mshahara wangu unakwenda wapi. Uko pale nje, mmeufunga maua."

Mwanamke mmoja alikuwa ametafuna sambusa nusu, akaacha kutafuna. Khurshid Bibi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Shagufta amjue, hakikutoka kitu. Nasema kweli, kama mambo yangeishia hapo, Shagufta angeweza hata kumhurumia. Pengine angebaki. Alikuwa ameandaa moyoni maneno ya kumwambia mumewe: kwamba alimficha kwa ajili ya baba, kwamba anaomba radhi, kwamba dhahabu ipo salama na kwayo wanaweza kuanza upya wawili wao.

Tanvir alitoka ndani na kreti ya soda. Aliwaona wale watu watatu, akaiona karatasi. Hakuuliza ninyi ni nani. Aliweka kreti chini taratibu, akamwendea yule mwenye karatasi, akamshika bega kirafiki, akashusha sauti, lakini ua lilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Kaka, tusaidiane. Liacheni mpaka harusi ipite, wiki mbili tu. Si mnakata kwenye mshahara wake kila mwezi? Hajawahi kuchelewa hata mara moja. Angalieni wenyewe kwenye kompyuta."

"Bosi, mkataba umeshavunjwa," yule mtu alisema. "Amesaini mwenyewe."

Shagufta alimsogelea mumewe mpaka wakawa uso kwa uso.

"Umejuaje?"

Tanvir akauondoa mkono begani kwa yule mtu.

"Nakuuliza umejuaje kwamba wanakata kwenye mshahara wangu."

"Nilipogongwa ule mlango," Tanvir alisema. "Nilikwenda kwa watu wa bima wanilipe, wakaniambia gari ni la benki, na mkopo ni wako, unakatwa kwenye mshahara."

Mlango uligongwa mwezi wa tatu baada ya harusi. Shagufta aliikumbuka siku hiyo, kwa sababu hina ilikuwa bado haijamtoka kwenye kucha.

"Miaka miwili. Mama yako ananiita mwizi kila asubuhi, miaka miwili, na wewe umekaa hapo unakula chapati zangu."

"Ningesema," Tanvir alijibu, "ungeacha kulipa."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyomwambia mteja bei ya kitambaa, kwamba ndivyo ilivyo, na mtu mwenye akili ataelewa. Shagufta alimtazama sana. Yale maneno aliyokuwa ameyaandaa yalikuwa yamekwisha, hakulikumbuka hata moja.

Aliyepasuka ni Khurshid Bibi. "We mbwa!" alimgeukia mwanawe, sinia likamtoka. "Ulijua? Ukaniacha nimtukane mtoto wa watu kwa kosa ambalo si lake? Ana makosa kibao yule, ungeniambia nikamtukana kwa hayo!" Mumtaz alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio.

Nje wale wenye makoti walikuwa wanakata mashada ya maua, wanayaweka juu ya ukuta kwa adabu. Gari likawashwa. Sidra alikuwa analia kwenye kiti chake, wanja umemchuruzika, na yeye ndiye pekee ambaye Shagufta aliona ana deni kwake. Akamwinamia. "Nisamehe, Sidra. Wewe hukuwa na kosa."

"Huo msamaha wako nauweka kwenye sinia?" Sidra alimtemea maneno. "Toka mbele yangu."

Alitoka. Alipanda chumbani, akatoa dhahabu yake chini ya nguo za baridi, akajaza mabegi mawili, akashuka kupitia mlango wa nyuma. Jioni hiyo alikuwa kwenye bweni la wafanyakazi wa kike pale kiwandani, chumba kimoja na mhasibu mmoja mnene anayekoroma. Baba yake alimpigia mara moja tu, akamwambia alichoahidi kumwambia, akakata.

Mnada ulichukua muda. Tanvir hakumpigia wala kumwandikia, hakumwita wala hakumwacha, mpaka siku aliyosikia sokoni kwamba gari limeuzwa. Siku hiyo hiyo ujumbe ukaingia. "Nimeambiwa wameshaliuza. Kumbuka lilikuwa zawadi ya harusi yangu, na mashahidi ni mia nne. Kitakachotoka ni nusu kwa nusu. Usinidhulumu."

Shagufta aliusoma akiwa amekaa mbele ya meza ya Zohaib, ambaye alikuwa amempa hesabu ya mwisho na chai ya maziwa, kama watu wanavyompa mfiwa. Gari lilikuwa limeuzwa vibaya. Mnunuzi aliona rangi ya mlango, akajua limegongwa, akashusha bei. Deni limetolewa, faini imetolewa, gharama zimetolewa, na haikutosha. Laki saba za kianzio hazikurudi, wala bangili, wala marejesho. Bado benki ilikuwa inamdai elfu arobaini na mbili. Alizilipa pale pale, mshahara wa karibu nusu mwezi, akaomba risiti yenye muhuri.

Kisha akaipiga picha ile hesabu, akamtumia mumewe, akaandika chini yake, "Nusu kwa nusu, nimekubali. Upande wako ni elfu ishirini na moja. Nitumie leo kabla ya saa kumi, benki hawapendi kuchelewa."

Ujumbe ulisomwa hapo hapo. Jibu halijaja, na namba yake sasa haipatikani.